Udongo Haudanganyiki: Karanga za Mfalme na Njugu Mawe za Kukhu

Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza iliamua kupigana na udongo wa Kongwa, kule Dodoma, Tanzania. Ilikuja na matrekta, wanajeshi waliotoka vitani, na mamilioni ya pauni. Kufikia Januari 1951 ilikuwa inafunga virago na kufuta hasara ya pauni milioni 36. Udongo wenyewe uko palepale.

Naanza na hiyo stori kwa sababu kila nikiandika kuhusu chakula, kuna msee lazima aniulize: "Wewe si uliachana na chuo mwaka wa pili? Utafundisha nani ukulima?" Sawa boss. Leo sifundishi mtu kulima. Leo naleta historia, na historia haiulizi mtu cheti.

Na hii ndiyo hoja yangu, mapema kabisa, ili usiseme nimekuzungusha. Mimea mingi ya jamii ya kunde ambayo sisi vijana wa Nairobi tunaiita chakula ya kizamani (njugu mawe, njahi, mbaazi) haikushindwa na shamba. Ilishindwa ofisini na sokoni. Kwa udongo, ilikuwa inashinda siku zote.

Kwanza, Kongwa

Vita Kuu ya Pili imeisha. Uingereza imeshinda, lakini jikoni kwao hakuna mafuta ya kupikia. Watu bado wanakula kwa kadi za mgao. Mwaka wa 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, ambayo ilikuwa mali ya Unilever, akaja na wazo: tulime karanga Tanganyika, kwa mashine, tukamue mafuta.

Wazo halikutoka hewani. Kampuni yake ilikuwa ikinunua karanga Nigeria, ambako kule Kano magunia yalikuwa yanapangwa juu juu mpaka yanafanana na piramidi. Lakini hebu angalia vizuri. Karanga za Kano zililimwa na wakulima wadogo, kwa jembe, kwa udongo mwepesi wa kichanga ambao familia hizo ziliujua tangu zamani. Waingereza walichukua karanga kwa hiyo picha, wakaacha mkulima na udongo wake nyuma.

Ujumbe wa wataalamu ukatumwa, ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki tisa, safari nyingi zikiwa za ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3.2, zigawanywe vitalu 107 vya ekari 30,000 kila kimoja. Vitalu 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo sai ni Zambia, na 10 hapa kwetu Kenya. Ndio, hata sisi tulikuwa kwa orodha.

Wiki tisa, ekari milioni tatu. Jaribu kukagua ploti ya hamsini kwa mia pale Joska ukiwa juu ya ndege, halafu uniambie umeona nini.

Mwaka wa kwanza walipanga kufyeka ekari 150,000 Kongwa. Walichopanda ni kama ekari 7,500. Vichaka vya pale vilikuwa vimeshikana mizizi hadi chini. Walitumia tingatinga, wakaunganisha minyororo ya nanga za meli kati ya mashine mbili ili kung'oa miti. Walileta hata matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Waziri wa chakula, John Strachey, akaendelea kutetea mradi bungeni London.

Halafu wakakutana na udongo.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ndani yake. Mvua ikinyesha unalainika, jua likiwaka unakauka mpaka unakuwa kama sakafu ya simiti. Pia una chembechembe ngumu za mawe ya kwatzi, ambazo zilikula meno ya majembe ya mashine kama msasa. Wakati wa kuvuna ulipofika, ardhi ilikuwa imekauka, na karanga zilikuwa zimefungiwa ndani. Ungevuta mmea, majani yanakuja, karanga zinabaki chini. Mwaka wa 1949 ukame nao ukaja kumalizia. Walijaribu alizeti, nayo ikakaushwa na jua.

Kwa nini udongo ni kila kitu hapa

Ukielewa hii sehemu, kila kitu kingine kwa hii posti kitaingia.

Karanga inachanua juu lakini inazaa chini. Ua likishachavushwa, linatoa kijiti kidogo kinachoinama na kujichoma udongoni, na ni kule chini ndiko ganda linakua. Fikiria hiyo kazi. Kijiti chembamba kama uzi mnene kinatakiwa kutoboa ardhi. Udongo ukiwa mwepesi, kinapita. Udongo ukiwa umejifunga uso, kinakwama hapo juu na kufa. Kikifaulu kuingia, ganda linahitaji nafasi ya kutanuka, tena linanyonya kalisiamu moja kwa moja kutoka kwa udongo ulio karibu nalo. Kalisiamu ikikosa, unavuna maganda matupu. Na mwisho kabisa mkulima anahitaji kuling'oa.

Kwa hivyo mmea unaozaa chini ya ardhi unauliza udongo maswali matatu: nitaingia? nitakua? nitatoka? Kongwa ilijibu la kwanza kwa shida na la tatu kwa dharau.

Wagogo, wenyeji wa pale, walikuwa wanaishi na huo ukame na huo udongo miaka mingi. Walilima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe. Walijua kwamba mvua ya Ugogo haitabiriki, ndio maana hawakuweka maisha yao yote kwa zao moja. Hiyo elimu ilikuwa bure, na ilikuwa karibu. Haikuwa kwa ripoti.

Na sasa skia hii: Dodoma leo ni mmoja wa mikoa ya Tanzania inayolima njugu mawe. Mkoa uleule. Si kila udongo wa Dodoma ni ule wa Kongwa, na hiyo ndiyo maana yenyewe. Mkulima mdogo anachagua kipande chake cha kichanga, anaweka njugu mawe hapo, na mfinyanzi anauachia kitu kingine. Mpango wa vitalu vya ekari 30,000 haukuwa na nafasi ya kuchagua.

Njugu mawe: mmea ambao hakuna meli ilikuja kuuchukua

Nyanya yangu upande wa mama, kukhu, yuko Busia. Huko njugu mawe zinaitwa tsimbande. Shamba lake ni mchanga mtupu. Ukitembea peku mguu unazama kidogo. Mahindi yake huwa mafupi, ya rangi ya manjano, yanaonekana kama yanaomba msamaha. Lakini mstari wa tsimbande huwa umejaa, hata bila mbolea.

Si miujiza. Njugu mawe asili yake ni Afrika Magharibi, na imezoea udongo hafifu kwa karne nyingi kabla karanga haijaletwa na Wareno kutoka Amerika Kusini. Inazalia juu juu ya ardhi au chini kidogo tu, kwa hivyo kichanga ni rafiki yake. Mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu kuna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuugeuza chakula cha mmea. Bakteria hao tayari wako kwa udongo wetu; hakuna mtu alihitaji kuwanunua agroveti. Ukiweka mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea unakuvalia majani mengi na kukunyima maganda. Yaani huu ni mmea ambao ukiudekeza unaharibika.

Sasa kama ni mzuri hivyo, mbona hakuna serikali ya kikoloni iliyouwekea pauni hata moja?

Jibu ni mafuta. Karanga ina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Njugu mawe ina kama asilimia 6 au 7 hivi. Yenyewe imejaa wanga na protini. Ni karibu mlo kamili kwa punje moja. Lakini mlo kamili wa mama wa Busia au wa Dodoma haukujaza mapipa ya kiwanda Uingereza. Zao lililolisha mtu hapa halikuwa na thamani kwa daftari la bandarini. Kwa hivyo halikufanyiwa utafiti, halikupewa mbegu bora, halikupewa bei. Halafu miaka ikapita, tukaliangalia bila utafiti, bila mbegu, bila bei, tukasema: hili ni zao la maskini.

Hapo ndipo huwa nakasirika kidogo. Tunalaumu mmea kwa umaskini ambao uliletewa.

Njahi ilikuwa na msimu wake na mlima wake

Usidhani hii ni stori ya Magharibi tu. Njoo Mlima Kenya.

Kwa Kikuyu, mvua ndefu za Machi hadi Mei zinaitwa mvua za njahi. Mvua fupi ni za mwere, yaani uwele. Watu waliita misimu kwa majina ya mazao. Hata Ol Donyo Sabuk, ule mlima unaona ukielekea Thika, kwa Kikuyu ni Kirima kia Njahi. Mlima wa njahi. Mmea unaopewa msimu na mlima haukuwa wa kujaliza sahani tu.

Na udongo ulikubaliana na hilo. Njahi ina mzizi unaoenda chini sana, inavumilia kiangazi, na inakubali udongo wa aina nyingi kuliko mikunde mingi: kichanga, udongo mwekundu wenye kina wa Murang'a na Kiambu, hata mfinyanzi mzito mweusi, ule mafundi wa mjengo wanauita bleki kotoni, mradi tu maji yasisimame. Inakaa shambani muda mrefu, inafunika ardhi isipigwe na jua na mvua, na majani yake yanaanguka na kurudisha rutuba.

Halafu maharagwe yakapewa kipaumbele. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika makala mwaka wa 1997 kuhusu maharagwe, wanawake na ubeberu wa kilimo Kenya. Anaonyesha jinsi njahi, zao lililokuwa mikononi mwa wanawake, chakula cha mama aliyejifungua na cha sherehe, lilisukumwa pembeni na maharagwe kutoka Amerika ambayo wakoloni walitaka kuyauza nje. Maharagwe yana faida zake, siwezi kataa: yanaiva kwa miezi miwili mitatu, yanapikika haraka. Lakini mizizi yake ni mifupi, hayapendi udongo wenye asidi, na kazi ya kutengeneza naitrojeni yanaifanya kwa uvivu kuliko njahi au kunde.

Uhuru ulikuja lakini njia ikabaki ileile. Ukienda agroveti utaona mbegu za maharagwe zimeandikwa GLP 2 au GLP 24. Hizo herufi zinatoka kwa mradi wa utafiti uliofanyiwa Thika kuanzia miaka ya 1970. Mradi wa mikunde ya nafaka, lakini majina unayoyajua kutoka huko ni Rosecoco, Canadian Wonder, Mwezi Moja, Wairimu. Yote ni maharagwe. Njahi, kwenye eneo unaloona Mlima wa Njahi kwa macho, ikasubiri.

Mbaazi inajua kufungua kufuli

Moja ya mwisho, kwa sababu hii ilinifanya nifunge simu nikae kimya.

Udongo mwekundu mara nyingi una fosforasi, lakini imeshikwa na chuma. Iko hapo, mmea hauifikii. Ni kama salio ya M-Pesa na umesahau pini. Mwaka wa 1990 watafiti waliokuwa wakifanya kazi India walichapisha kitu kuhusu mbaazi: mizizi yake inatoa asidi inayoshikana na hiyo chuma na kuiachilia fosforasi. Mbaazi inakula, na zao linalopandwa baada yake linaweza kupata mabaki.

Sasa fikiria Ukambani. Makueni, Machakos, Kitui: ardhi nyekundu, kichanga kingi, mvua ya kubahatisha. Na ni huko ndiko mbaazi imetawala kwa vizazi. Watu wa Pwani nao hawakungoja mtafiti. Mahamri na mbaazi ni asubuhi ya kawaida Mombasa. Mkulima wa Makueni hakujua jina la ile asidi. Alijua tu kwamba mahali mbaazi imelala, mahindi huamka vizuri.

Hiyo ni sayansi. Iliandikwa kwa shamba badala ya karatasi, basi.

Kwa nini nakusumbua na haya yote

Kwa sababu Kongwa haijaisha. Imebadilisha nguo tu.

Kila mwaka mtandaoni kuna zao la kutajirisha. Mara kware, mara chia, mara parachichi. Vidio nzuri, muziki, hesabu ya "ekari moja ni milioni ngapi". Hesabu huanza na bei na kuishia na gari. Udongo hautajwi. Msee wa Umoja anachukua mkopo kwa simu, anakodisha shamba ambalo hajawahi kulishika kwa mkono, anapanda kitu alichoona kwa skrini. Hizo ni wiki tisa za ndege tena, ila sasa ndege ni bando.

Na kule nyumbani, wajomba zangu wanataka kumkodishia mtu shamba la kukhu achimbe mchanga wa ujenzi. Hoja yao ni kwamba udongo ule "hauna faida". Wanahesabu kwa lori. Naelewa, karo ya watoto hailipwi kwa historia. Lakini mchanga ukishabebwa, unabaki na shimo, na hakuna mmea duniani unaozaa ndani ya shimo. Ule mchanga hauna faida kwa mahindi. Kwa tsimbande ndio faida yenyewe. Waliosema shamba ni bovu wamelipima kwa zao ambalo si lake.

Pia tuseme ukweli wote. Njugu mawe kavu zinachukua saa nyingi kuiva, na gesi si bure. Njahi inahitaji kulowekwa na kuchemshwa vizuri. Hakuna mtu wa bedsita Kayole atapika njugu mawe kila siku kwa sababu mimi nimeandika posti. Lakini hata hilo lina historia: maharagwe yetu yalipata miaka ya watafiti kuyachagua yaive haraka na yazae sana. Njugu mawe ilipata nini? Mpe hiyo miaka, halafu tulinganishe.

Wakati huohuo, wataalamu wa udongo wamekuwa wakisema kwamba sehemu nyingi za Magharibi na nyanda za juu udongo umekuwa na asidi, na mbolea ya DAP iliyowekwa mwaka baada ya mwaka bila kupima ni sehemu ya sababu. Sasa tunaambiwa tununue chokaa. Sawa, tununue. Lakini swali la kwanza lingekuwa: hapa, kwa udongo huu, ni mmea gani haungehitaji kusukumwa hivyo?

Hili swali si la maprofesa peke yao. Unaweza kuanza leo. Ukienda ushago, chota udongo kiganjani, ulowe kidogo, ujaribu kuuviringisha kama chapati ya kamba. Ukikatika katika na kukwaruza, ni kichanga. Ukitengeneza kamba ndefu inayong'aa na kujikunja, ni mfinyanzi. Au weka udongo kwa chupa safi, jaza maji, tikisa, weka chini. Mchanga utatua kwanza, kwa dakika chache. Mfinyanzi utaelea na kuchafua maji hata mpaka kesho. Hiyo chupa ingeokoa Waingereza pauni nyingi sana.

Halafu muulize mzee mwanamke wa hapo, si mwanaume mwenye hati ya shamba, muulize mama: kabla ya mahindi, hapa palipandwa nini? Andika jibu. Andika na jina kwa lugha ya mama, kwa sababu jina likipotea hata mbegu inakuwa ngumu kuitafuta.

Kule Tanzania mradi wa karanga uliacha bandari ya Mtwara, na reli ya kusini ambayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Kongwa yenyewe ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Kwa njia fulani ile ardhi iliyokataa kumfanyia mfalme mafuta iliishia kuwahifadhi watu waliokuwa wanamaliza ukoloni. Lakini karanga? Hakuna.

Kwa hivyo mtu akikuambia kuna mmea wa kizamani, usimuulize una miaka mingapi. Muulize ulikuwa unalimwa kwa udongo gani, na ni nani alitaka uondoke.

Kwenu njugu mawe mnaitaje? Niandikie, na uniambie shamba ni kichanga au mfinyanzi. Naanza kuweka orodha.